Sifa za Kiatu: Tangazo Lifikapo Mguuni

Asubuhi ya Jumapili moja, baada ya kumaliza mbio zetu za kutoka Mnazi Mmoja, kupita Kilimani hadi Mazizini na kurudi, tulikuwa tumekaa barazani watu wazima watano, jasho halijakauka, tukinywa kahawa chungu kwa kashata. Akatujia mpwa wangu na daftari mkononi. Kijana huyu anasoma mambo ya biashara chuoni, na mwalimu wake alikuwa amemtaka aandike insha juu ya suala hili: je, promosheni za kibiashara zina athari yoyote kwa mkimbiaji anapochagua raba za kukimbilia?

"Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee wangu," alisema, kisha akatuuliza mmoja mmoja.

Wa kwanza, fundi seremala, alisema yeye hutazama soli, basi. Wa pili, mwalimu mstaafu, alisema hutazama bei. Wa tatu akasema mguu wake ndio unaomchagulia. Wa nne alikaribia kukasirika; alisema matangazo ni mambo ya watoto. Mimi nilikuwa wa mwisho, na kwa kuwa hapo barazani nasifika kwa kupenda maneno, nilijibu kwa urefu kuliko wote: kwamba mtu aliyezoea kuchambua ushairi hahadaiki kwa kibwagizo cha muuza viatu. Kijana aliyaandika yote. Kisha akainamisha macho, akatutazama miguu, na kwa adabu aliyolelewa nayo akanyamaza. Ilikuwa miguu kumi, na katika kila kiatu palikuwa na nembo ya kampuni kubwa, ya kweli au ya kuiga, imekaa upande wa nje ambako ndiko macho ya watu hupita.

Tangu siku ile nimekuwa nikilizungusha suala la mpwa wangu kichwani, na kila nikilizungusha naona kwamba halikustahiki kuachiwa watu wa biashara peke yao. Wao watahesabu raba zilizouzwa kabla ya promosheni na zilizouzwa baada yake, watatoa jibu, na jibu hilo litakuwa na manufaa yake. Lakini tangazo, kabla ya kuwa biashara, ni utungo. Lina mtunzi, lina sauti, lina msikilizaji aliyekusudiwa, na aghalabu lina kibwagizo. Ikiwa linamfanya mtu atie mkono mfukoni, basi limefanya kazi ile ile ambayo malenga wetu wameifanya kwa karne nyingi, ya kumtoa mtu hapa na kumpeleka pale kwa maneno. Kwa hiyo ni haki likapimwa kwa mizani ya uhakiki kama unavyopimwa utungo mwingine wowote.

Niseme mapema kwamba fani yake naijua. Ni sifa. Sisi watu wa mwambao tunasifu chombo kinaposhushwa majini, tunasifu bibi harusi anapotolewa nje, tunasifu mji na bandari yake. Msikilizaji wa sifa anajua kwamba chombo hakishindani na upepo na kwamba bibi harusi si mwezi. Hadanganywi. Amekubali kuvutwa, na ameivaa furaha ya kuvutwa kama nguo ya sikukuu. Ndiyo maana ukimuuliza mtu kama tangazo limemdanganya atakataa, na atakuwa mkweli. Ukimuuliza kama limemvuta, hilo ni swali jingine, nalo sisi barazani hatukulijibu.

Chukua mfano wa kanga, maana hapo ndipo tutakapoelewana haraka. Mama akiingia duka la kanga pale Darajani hutazama rangi, hukishika kitambaa apate kujua uzito wake, lakini hanunui mpaka asome jina. Kanga nzuri yenye jina lisilomfaa huirudisha. Hakuna anayemcheka kwa hilo. Nguo inasitiri, maneno yanasema, na yeye amelipia vyote viwili akijua. Akishajifunga, jina lile huwa lake: anamwambia jirani, anamwambia mke mwenza, anamwambia mume, bila ya kufungua kinywa. Hakulitunga yeye, lakini kulichagua kwake ni kama kulitunga mara ya pili. Sasa mtazame mkimbiaji na raba yake. Naye amelipia kitu na maneno, ila maneno hayo hayakuandikwa kiatuni. Kiatuni mna nembo tu. Maneno yenyewe yamebaki kichwani mwake, mahali yalipowekwa na tangazo. Anapopita njiani hampelekei jirani neno lake, bali anabeba jina la mwingine. Mwenye kanga ameyatuma maneno. Mwenye raba, nachelea kusema, ametumwa nayo.

Kibwagizo mashuhuri kuliko vyote katika fani hii kilitungwa mwaka 1988 na Dan Wieden, Mmarekani wa mji wa Portland, kwa ajili ya kampuni ya Nike: Just Do It. Maneno matatu, mizani tatu. Wieden, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na maneno ya mwisho ya Gary Gilmore, muuaji aliyehukumiwa kifo na kupigwa risasi katika jimbo la Utah mwezi wa Januari 1977. Gilmore alipotakiwa aseme la mwisho aliwahimiza tu waliomzunguka kwamba jambo lile na lifanywe. Mtunzi aliondoa neno la kwanza katika kauli ile akatia jingine, na usemi wa mtu anayekabili kifo ukawa usemi wa mtu anayefunga kamba za viatu. Sikitaji kisa hiki ili kutisha. Nakitaja kwa kuwa kinaeleza uzito ambao sikio linausikia bila ya kujua unakotoka. Ni kauli ya mahali ambapo udhuru umekwisha.

Tangazo la mwanzo lililobeba kibwagizo hicho halikumwonyesha bingwa yeyote. Lilimwonyesha Walt Stack, mzee wa miaka 80 wa mji wa San Francisco, kifua wazi, akikimbia juu ya daraja la Golden Gate na kueleza kuwa hukimbia maili 17 kila asubuhi. Akatia na mzaha: kwamba meno yake hayagongani wakati wa baridi kwa sababu huyaacha kabatini. Basi. Soli haikusifiwa, sponji haikusifiwa, bei haikutajwa. Kiatu chenyewe hakikusemwa hata kwa neno moja. Aliyesifiwa ni mtazamaji, yule aliyelala kochini na miaka 40 yake, ambaye aliambiwa kwa njia ya mzunguko kwamba naye anaweza. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mtunzi. Muuzaji wa kawaida husifu bidhaa. Huyu alimsifu mnunuzi kabla mnunuzi hajafanya lolote la kusifiwa, akamwachia deni. Na deni hilo, mtu hulilipa dukani.

Jaribu kukitafsiri kibwagizo hiki uone kinavyogeuka mkononi. "Fanya tu." Kwa Kiingereza ni amri inayokata visingizio. Kwetu, neno "tu" likikaa mwisho wa amri linalainisha. Mgeni anayeona haya mbele ya sinia huambiwa "kula tu". Anayesita mlangoni huambiwa "pita tu". Ni sauti ya mwenyeji. Na ipo "fanya tu" nyingine, ya mtu aliyechoka kushauri, ambayo maana yake ni kwamba utakuja kuona. Baina ya ukarimu huo na onyo hilo, ile amri ya Kiingereza imepotea. Nadhani si bure kwamba fulana zinazouzwa hapa petu zimekiacha kibwagizo katika lugha yake.

Lakini kilikuja kwetu, au karibu na kwetu, na kisa cha kuja kwake ndicho ninachokiona kuwa kiini cha suala zima. Mwaka 1989 lilionyeshwa katika televisheni za Marekani tangazo la Nike lililopigwa picha nchini Kenya, pamoja na watu wa kabila la Wasamburu. Viatu vilivyotangazwa vilikuwa vya kutembelea milimani, si vya mbio, lakini kampuni ni ile ile na kibwagizo ni kile kile. Mwishoni kamera inamkaribia mtu mmoja wa Kisamburu, naye anasema maneno machache kwa lugha yake ya Kimaa. Chini ya picha yanatokea maandishi ya tafsiri: Just Do It. Watazamaji wa Marekani wakaridhika kwamba hata ndugu huyu wa mbali amesema walilolisema wao.

Akatokea mwanaanthropolojia, Lee Cronk, aliyekuwa ameishi Kenya na kufanya utafiti miongoni mwa watu wasemao Kimaa. Akalitazama tangazo, akasikiliza, na akaeleza alichokisema mtu yule hasa: kwamba hivi havitaki, apewe viatu vikubwa. Kampuni ilipoulizwa haikukataa. Msemaji wake alieleza kwamba hawakufikiri kuna mtu Marekani ambaye angefahamu.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hucheka, nami nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Namwomba msomaji asiishie kwenye kicheko. Katika tangazo lote lile, lenye picha nzuri na muziki na gharama, mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza juu ya viatu. Alivivaa, akavipima kwa kipimo pekee chenye haki, yaani mguu wake mwenyewe, akaona vinambana, akasema. Huo ulikuwa uhakiki: mfupi, wa kweli, na wenye ushahidi. Tangazo likauchukua uhakiki ule na kuuandikia tafsiri ya sifa. Sina haja ya kumlaumu mtu binafsi kwa hilo. Waliohusika wana sababu zao. Ninachokiona ni kwamba jambo lililofanywa waziwazi kwa Msamburu yule hufanywa kwa siri ndani ya kila mmoja wetu dukani. Mguu unasema kwa lugha yake kwamba kiatu kinabana kidoleni, na chini yake yanatokea maandishi: fanya tu. Nasi tunasoma maandishi, maana kusoma tunajua, na Kimaa cha miguu yetu tumekisahau.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mafumbo ya washairi. Basi na tusikilize maabara. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Kanada, Robbins na Waked, walichapisha katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua wanaume 15 wenye afya, wakawataka washuke kwa mguu mtupu, mara kumi kila mahali, juu ya kifaa kinachopima nguvu ya kishindo. Sehemu tatu zilifunikwa kwa kitu cha aina moja, kile kinachotengenezewa soli za raba, lakini kikapambwa kionekane tofauti na kila kimoja kikapewa maneno yake. Cha kwanza kilisifiwa kwamba kinapunguza kishindo na kumlinda mtu. Cha pili kikatolewa onyo kwamba hakifai na kinaweza kuumiza. Juu ya cha tatu wakasema ubora wake haujulikani. Sehemu ya nne iliachwa tupu.

Walishuka kwa nguvu kubwa zaidi juu ya kile kilichosifiwa, na juu ya kile kisichojulikana, kuliko juu ya kile kilichotolewa onyo na juu ya pale patupu. Kitu ni kimoja, mguu ni ule ule, kilichobadilika ni maneno. Mguu uliosikia sifa ulijiachia, ulioonywa ulijihadhari. Watu 15 si wengi, na sisemi kwamba jaribio moja linafunga mjadala. Lakini kwa miaka yote ambayo nimesoma wahakiki wakieleza athari ya ushairi kwa msikilizaji, nimewaona wakifika moyoni na kusimama hapo. Hawa wawili walilifuata neno mpaka unyayoni, wakapima kishindo chake.

Ziko sifa zilizovuka mpaka na zikakamatwa. Nitazipitia kwa haraka, maana uongo wa wazi hauna mengi ya kuhakikiwa. Mwaka 2011 kampuni ya Reebok ilikubali kulipa dola milioni 25 za kurudishiwa wateja, baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuona kuwa haina ushahidi wa kutosha wa madai yake kwamba raba zake za EasyTone na RunTone zinakaza misuli ya miguu na makalio. Mwaka 2012 Skechers ikakubali kulipa dola milioni 40 kwa madai yanayofanana na hayo. Na mwaka 2014 Vibram, wenye vile viatu vyembamba vyenye vidole kama glavu, walikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wanunuzi, bila ya kukiri kosa. Kisa cha Vibram kina ladha ya pekee: hao walikuwa wakiuza kutovaa viatu. Mguu mtupu, ambao Mungu ameugawa bure, uliwekewa bei.

Na kwa kuwa nimeutaja mguu mtupu, hapana budi kumtaja Abebe Bikila. Katika marathoni ya Olimpiki ya Roma, Septemba 1960, Mhabeshi huyu hakupata viatu vilivyomkaa vyema, akakimbia bila ya viatu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mguu wake ulisema, na kwa mara moja hapakuwa na maandishi chini yake. Wenye viatu hawakuweza kuliacha jambo hilo hivyo. Mwaka uliofuata alipokwenda Japani kukimbia, Kihachiro Onitsuka, mwenye kampuni ya viatu, alimwendea mwenyewe na kumshawishi avae vyake. Mwaka 1964 alipolitetea taji lake mjini Tokyo, na kulitwaa tena, alikuwa ndani ya Puma. Tangu hapo mguu wa bingwa umekuwa ukurasa, na ukurasa haujichagulii kinachoandikwa. Kwa hiyo tunapouliza kama matangazo yanawaathiri wakimbiaji wanapochagua raba, tuwatoe mabingwa wenye mikataba. Wao wameshachaguliwa.

Sasa nafika kwenye fundo la mjadala wangu, na ningekuwa mwoga lau ningelikwepa. Vipi ikiwa sifa ni ya kweli?

Mwaka 2017 Nike walitoa raba wakaiita Vaporfly 4%, bei yake dola 250. Ina sponji nene na nyepesi, na ndani yake bamba la kaboni lililopinda. Ile asilimia 4 ilitoka kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambako wakimbiaji hodari 18 walionekana kutumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 wakiwa wamevaa raba hiyo. Utafiti uligharimiwa na kampuni yenyewe, na baadhi ya waandishi wake walikuwa waajiriwa wake. Mhakiki akisikia hivyo hunusa. Tena akaitazama tarakimu ile, akaona ilivyokatwa kwa ustadi: asilimia 4 ya nini? Ya nguvu inayotumika, si ya muda wa mbio. Lakini jina halisemi, na sikio la mkimbiaji hulijaza lenyewe kwa kile linachokitamani. Mwenye kutaka kupunguza dakika atasikia dakika. Ni ufundi ule ule wa lile neno la mwisho la kibwagizo cha 1988, ambalo halitaji jambo lolote ili kila mtu aweke lake. Tofauti ni kwamba safari hii pahala patupu pamewekewa alama ya hesabu.

Lakini mwaka 2018 gazeti la New York Times lilichambua matokeo takriban nusu milioni ya mbio za marathoni na nusu marathoni za watu wa kawaida, wakaona kwamba waliovaa Vaporfly walikuwa wakikimbia kasi kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 4 kuliko wenzao wa kiwango sawa waliovaa raba nyingine. Mwezi wa Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akiwa amevaa raba ya ukoo huo huo. Mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi, lakini mwezi wa Januari 2020 shirika la riadha la dunia lilitoa kanuni: soli za raba za barabarani zisizidi milimita 40, na bamba ndani yake liwe moja tu. Watu hawatungi sheria kuuzuia ushairi. Sifa ilikuwa na mwili.

Je, hapo tusemeje kuhusu mkimbiaji aliyeinunua kwa sababu ya tangazo? Nimelifikiri hili kwa muda. Naona kwamba kuathirika kwake hakupungui kwa kuwa alichoambiwa kilikuwa kweli. Aliinunua kabla ya nusu milioni kuhesabiwa. Aliamini kwanza, ushahidi ukaja baadaye, na kama ushahidi ungekuja kinyume angekuwa katika kundi la wale wa mwaka 2011, bila ya yeye mwenyewe kuwa amefanya lolote tofauti. Mguu wake hakuuliza. Na wengi walioinunua hawakukimbia kwa kasi ambayo bamba lile liliundiwa. Walikimbia kama tunavyokimbia sisi kwenda Mazizini, na kusimama penye muuza madafu.

Nirudi nyumbani. Mtu anaweza kusema kuwa haya hayatuhusu, kwani promosheni zenyewe hazitufikii. Raba nyingi tunazokimbilia zilikwisha kukimbiwa na wengine huko Ulaya na Marekani, zikaja katika marobota ya mitumba, zikamwagwa juu ya turubai. Tangazo lililoiuza raba ile kwa mnunuzi wa kwanza hatukuliona. Kwa hiyo mbele ya lundo la mitumba, mguu ungetarajiwa kubaki peke yake na kiatu, kama yule Msamburu, upime na useme. Haiwi hivyo. Nimesimama penye malundo hayo mara nyingi. Mkono hautafuti soli kwanza wala namba, unatafuta nembo. Soli hutazamwa baadaye, ili kupata sababu.

Na kama anahitajika shahidi, aitwe muuza raba za kuiga. Huyu hahangaiki kuiga sponji, hana haja ya bamba la kaboni, kamba zake hukatika kabla ya mfungo kwisha. Anachokiiga kwa bidii ni ule mkunjo wa rangi ubavuni, ambao mwaka 1971 mwanafunzi Carolyn Davidson alilipwa dola 35 kuuchora. Anakiiga hicho kwa kuwa anajua hicho ndicho tunachokinunua. Lau matangazo yangekuwa hayana athari, mtu huyu angekwisha kufilisika zamani, naye kila siku namwona anapanua meza.

Mwaka 2016 walitokea Kenya watu waliotaka kuandika kibwagizo chetu wenyewe. Navalayo Osembo na mwenzake Weldon Kennedy walianzisha kampuni ya raba za mbio, wakachangisha fedha za mwanzo kupitia Kickstarter, wakaipa jina Enda, na raba yao ya kwanza wakaiita Iten, kwa jina la mji wa wakimbiaji. Sisi wa mwambao tutasema haraka kwamba amri sahihi ni "nenda", na tutakuwa tumesema kweli ya sarufi. Nalisema nami, nimeshalisema, yamekwisha. Baada ya hapo jina lile nalipenda. Halimsifu mnunuzi kwa asilolifanya. Halina "tu" ya kumbembeleza. Ni kitenzi peke yake, na ni kitenzi cha kazi yenyewe: kiatu ni cha kuendea. Wasiwasi wangu ni mmoja, kwamba nchi inayotoa mabingwa hawa ilingoja mpaka 2016 ndipo raba ya mbio ipewe kitenzi cha Kiswahili, na kwa muda wote huo ilikuwa inatoa miguu, wengine wanaandika.

Imebaki habari yangu, ambayo barazani niliificha. Raba nilizokuwa nimevaa asubuhi ile nilizinunua mezani kwa muuza raba za kuiga. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikwisha kulalamika tangu pale pale nilipozijaribu, na palikuwa na jozi nyingine pembeni, pana, isiyo na jina lolote, ya bei ya chini. Niliiona. Nikachukua hizi. Mvua za masika zilipokuja nembo ya upande wa kulia ilianza kubanduka, nami, mchambuzi wa mashairi, nilikwenda dukani nikanunua gundi.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimpa mpwa wangu ayasome kabla ya mhariri. Aliyasoma yote, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Sasa mjomba, lile jibu lako la barazani nilifute?"

Nikamwambia alifute.

Akazitazama raba zangu mlangoni. "Na ile gundi, nayo niiandike?"

Nikamwambia aiandike.